Nairobi Inakunywa Jasho la Shosho

Leo nimeamka saa kumi na moja alfajiri kungoja maji. Mtaani kwetu mfereji hufunguka siku mbili kwa wiki, na ukilala, hiyo wiki utaosha uso na mate. Nikiwa hapo kwa foleni na mitungi yangu minne, jamaa mmoja nyuma yangu akaanza kulalamika. Ati watu wa Murang'a wamezoea kutufungia maji yetu. Ati gavana wao aliwahi kudai pesa. Ati wanatuonea wivu.

Maji yetu. Nilicheka, alafu nikanyamaza, kwa sababu hiyo hasira haikuwa ya kumalizia kwa foleni. Ndio maana unasoma hii.

Wacha tuanze na jiografia kidogo, ile walitufundisha darasa la sita tukasahau. Maji ya Nairobi hayatoki Nairobi. Karibu asilimia 95 yanatoka kwa mito ya Tana ya juu, kule miteremko ya Nyandarua, ile milima Wazungu waliiita Aberdare. Bwawa kubwa zaidi linalotunywesha ni Ndakaini, liko Gatanga, Murang'a. Lilikamilika 1994 na likijaa linabeba lita bilioni 70. Hapo maji yanateremka hadi Ng'ethu kusafishwa, alafu yanaingia jijini. Na bado haikutosha, ndio serikali ikachimba handaki la karibu kilomita 12 chini ya milima ya Murang'a ili ichukue maji ya mito mingine.

Sasa jiulize swali moja tu. Hayo maji, kabla yaingie bwawa, yanapita wapi?

Yanapita kwa shamba la shosho yangu.

Si mfano huo. Shosho yangu ana ekari mbili na robo, mteremko mkali, majani chai juu, mahindi na viazi katikati, na chini kabisa kuna kijito ambacho kinaingia Mto Thika. Mvua ikinyesha kwake, udongo una mahali pawili pa kwenda: ubaki shambani, ama uende Ndakaini. Ukibaki, wewe unapata maji safi na bwawa linaishi miaka mingi. Ukienda, bwawa linajaa matope polepole, pale Ng'ethu wanatumia kemikali zaidi na pesa zaidi kusafisha, na hiyo bili unalipa wewe.

Nani anaamua udongo ubaki ama uende? Si waziri. Si injinia. Ni mama wa miaka sabini na mbili na jembe. Yeye ndiye anachimba fanya juu, yale matuta ya kurusha udongo juu ya mtaro. Yeye ndiye anapanda nepia kando ya mto ili ishike ardhi. Yeye ndiye anaacha miti isimame karibu na maji. Kazi ya mgongo hiyo, si ya ofisi. Na kwa hiyo kazi analipwa sifuri. Hata asante hajaletewa.

Hoja yangu ni fupi, na nitairudia hadi ikuchoshe: Nairobi ilipe watu wa juu kwa kazi ya kutunza maji. Ilipe kwa pesa, kila mwaka, kwa simu. Na hiyo pesa iende kwa mwenye jembe, isiende kwa mwenye hati ya shamba. Hiyo sehemu ya pili ndiyo inaniumiza zaidi, lakini nitaifikia.

Wacha kwanza nikwambie venye nilijua hii maneno, maana sikuisoma kwa kitabu.

2021 nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Karo ikakwama. Mathe alikuwa amefutwa kazi wakati wa korona, na HELB haikutosha. Shosho akaniambia nisiwe na wasiwasi, atapanga. Sikuuliza anapanga aje. Mwezi uliofuata pesa ikaingia, nikalipa, nikaendelea na maisha.

Disemba nikaenda ushago. Nikateremka hadi mtoni kuoga miguu kama kawaida, nikapata miti imeisha. Miringa, mikoigo, ile miti ya zamani ambayo guka aliikuta na akaiacha. Kumi na moja. Broka alikuja na msumeno wa petroli, akaiangusha siku moja, akamwachia shosho elfu thelathini na nane. Miti iliyosimama kabla mathe azaliwe iliondoka ikiwa karo ya semesta moja na pocket money ya kijana ambaye hata hakuwa anahudhuria darasa la Ijumaa.

Aprili iliyofuata mvua ndefu ilikuja na ukingo wa mto ukashindwa kujishikilia. Kipande cha shamba kikaondoka na nepia yote. Shosho alinipigia simu akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anakupa habari ya jirani, "Shamba limeenda kutembea Nairobi."

Na mimi chuo nikaacha mwaka wa tatu. Kwa hivyo hesabu yenyewe ni hii: miti ilienda, udongo ulienda, na digrii haikukuja. Najua wengine mtaniambia ningesoma kwa bidii. Sawa. Lakini hata ningekuwa daktari saa hii, ile miti bado ingekuwa kitanda ya mtu.

Sasa niambie kosa ni la nani. Shosho alikuwa na vitu viwili: miti ambayo haimlipi chochote ikisimama, na mjukuu ambaye anahitaji karo leo. Msee yeyote mwenye akili timamu angekata. Kama mtu wa jiji angekuwa anamtumia hata elfu kumi kwa mwaka ili aiache isimame, angekuwa na sababu ya kumwambia broka arudi kwao. Miaka kumi hiyo ni laki moja. Broka alitoa elfu thelathini na nane mara moja tu. Kwa maana nyingine, msitu wa kando ya mto uliuzwa kwa sababu sisi tunaokunywa hayo maji hatukuweka hata bei mezani.

Serikali itakwambia ina sheria. Na kweli inazo, nyingi. Kuna kanuni za 2009 zinazosema kila mwenye shamba aweke miti angalau asilimia 10 ya shamba lake. Katiba, ibara ya 69, inaipa serikali jukumu la kufikisha asilimia 10 ya miti nchi nzima. Kuna kanuni za kando ya mto, usilime mita 6 hadi 30 kutoka kwa maji kulingana na ukubwa wa mto. Sasa piga hesabu ya mtu mwenye ekari mbili. Toa asilimia 10 ya miti, toa ukingo wa mto, toa matuta yanayokula nafasi ya mahindi. Umemwachia nini? Umemchukulia shamba bila kulichukua, alafu ukamwachia mzigo wa kulilinda.

Alafu 2022 serikali ikatangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032. Tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hadi siku ya mapumziko ya kupanda miti. Mlikuwa wapi nyinyi siku hiyo? Mimi nililala. Wakubwa walipiga picha na miche, gamubuti mpya, kofia mpya. Kupanda mti ni dakika tano. Kuulinda miaka ishirini wakati unadaiwa karo, hiyo ndiyo kazi. Na hiyo kazi haina siku ya mapumziko.

Kinachonikasirisha ni kwamba serikali inajua kabisa kulipa mkulima. 2022 ilishusha mbolea hadi shilingi 3,500 gunia la kilo 50, mwaka uliofuata ikashuka tena hadi 2,500. Wakulima wakasajiliwa, ujumbe ukaingia kwa simu, ukaenda ghalani ukachukua. Shosho yangu pia alisajiliwa. Kwa hivyo pesa ya kumsaidia mtu alime zaidi ipo. Mfumo upo. Simu ipo. Kitu ambacho hakipo ni nia ya kumlipa mtu aache sehemu isilimwe.

Na usidhani hii ni ndoto ya msee ambaye hakumaliza chuo. Watu wamefanya.

New York, ile ya Marekani, ilikuwa na shida kama yetu. Jiji la chini, maji ya milimani, wakulima katikati. Waliambiwa wajenge mtambo mkubwa wa kuchuja maji kwa mabilioni ya dola. Wakafanya hesabu wakaona ni afadhali kuwalipa watu wa milima ya Catskill watunze mashamba na misitu yao. 1997 wakatia sahihi mkataba na miji ya huko juu. Mkulima anachora mpango wa kuzuia samadi isiingie mtoni, jiji linalipa gharama. Hadi leo maji mengi ya New York huingia kwa nyumba za watu bila kupita mtambo wa kuchuja.

Costa Rica, nchi ndogo kuliko eneo letu la kaskazini, ilipitisha sheria ya misitu 1996, na mwaka uliofuata ikaanza kuwalipa wenye mashamba waache miti isimame. Pesa ilitoka wapi? Kodi ya mafuta. Ukijaza tangi, unalipia msitu. Nchi ambayo misitu ilikuwa imebaki kama robo ya ardhi yake miaka ya themanini sasa ina misitu zaidi ya nusu.

Hata hapa kwetu tumejaribu. Naivasha, watumiaji maji wa ziwani, wakiwemo wakulima wa maua, walianza kuwapa wakulima wa Wanjohi na Turasha huko juu vocha za kama dola 17 ili wapande nyasi na kuchimba matuta. Kitengela, Kajiado, tangu 2000 kuna familia zililipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, pundamilia wapite kutoka mbuga ya Nairobi. Na walikuwa wajanja: pesa ilikuwa inakuja wakati wa kufungua shule. Mtu fulani alikaa chini akafikiria, huyu mzazi atauza shamba lini? Januari. Basi mlipe Januari. Hiyo ndiyo akili ambayo shosho yangu alihitaji.

Na kwa Tana yenyewe, 2015 ulianzishwa mfuko wa maji wa Tana ya juu na Nairobi. Utafiti wao ulisema ukiweka dola milioni 10 kwa mashamba ya huko juu, faida inarudi kama dola milioni 21.5 kwa miaka 30. Wamegawa miche, wamechimba vidimbwi vya kuvuna mvua, wamefundisha watu matuta. Hiyo ni kazi nzuri na sitawavunja moyo. Lakini mche si mshahara. Mafunzo hayalipi karo. Mkulima akishamaliza kufundishwa na akala ile soda, kazi ya kila siku inabaki yake, bure.

Sasa tufike penye kunauma.

Tuseme kesho serikali inasoma hii na kusema, sawa, tunalipa. Unajua kitu ya kwanza ambacho karani ataitisha? Hati ya shamba. Na hapo ndipo shosho yangu anapotea kwa hesabu.

Hati ya hizo ekari mbili na robo iko kwa jina la guka. Guka alifariki 2009. Kesi ya mirathi haijawahi kufunguliwa, kwa sababu wakili anataka pesa, na kwa sababu anko zangu hawaongeleshani. Hati yenyewe iko kwa sanduku la anko mmoja anayeishi Ruiru, na huyo mzee hajashika jembe tangu nizaliwe. Miaka michache iliyopita mradi mmoja ulipita kijijini, si huo nimetaja, wakawa wanapeana tangi za maji na miche ya avokado kwa wale watakubali kuchimba matuta. Shosho alichimba. Matuta yote, yeye na kibarua mmoja, wiki tatu. Siku ya kugawa wakaitisha nakala ya hati ama barua ya mwenye shamba. Anko akasema ataandika barua kama tangi itawekwa kwake.

Shosho alirudi nyumbani mikono mitupu. Na jirani upande wa pili, shamba la mtu wa Nairobi ambaye huja Krismasi, likapata tangi. Pale matuta yalichimbwa na mpangaji. Mpangaji hakupata kitu.

Hii si bahati mbaya ya familia yetu. Kenya Land Alliance waliangalia hati karibu milioni moja zilizotolewa kati ya 2013 na 2017. Wanawake walipata kama asilimia 10. Wanaume zaidi ya asilimia 86. Sasa enda shambani saa mbili asubuhi uhesabu nani ameinama. Ukilipa kwa hati, utakuwa umewalipa wanaume kwa kazi ya wanawake, wazee kwa kazi ya vijana, na watu wa mjini kwa kazi ya watu wa kijijini. Alafu utaita hiyo uhifadhi wa mazingira.

Marekani wana somo hapa pia. Tangu 1985 wana mpango wa serikali wa kukodi mashamba yanayomomonyoka, mkataba wa miaka 10 hadi 15, mkulima anapanda nyasi ama miti badala ya kulima. Udongo umeokolewa kweli, na mamilioni ya ekari zimo. Lakini malipo yanafuata ardhi. Mwenye ekari nyingi analipwa nyingi, na kikomo kilichowekwa ni dola 50,000 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Mwenye shamba anaweza kuishi mbali kabisa na mashamba na bado apokee. Costa Rica nao walianza kwa kuitisha hati, wakagundua wamewaacha nje maskini wenye mashamba bila karatasi, wakalazimika kulegeza. Si lazima sisi turudie kosa ambalo wenzetu washalilipia.

Najua majibu yako. Nimeyasikia yote, mengine kwa meza ya familia.

Ati, "Kwa nini nimlipe mtu atunze shamba lake mwenyewe?" Kwa sababu faida si yake mwenyewe. Majani chai yake, sawa, hiyo ni biashara yake. Lakini maji safi yanayofika Pipeline na Kasarani hayamfaidi yeye chochote. Wewe unalipa mlinzi wa geti hata kama anaishi karibu na hilo geti. Huyu pia ni mlinzi. Tofauti ni kwamba lindo lake ni usiku na mchana na hana hata kibanda.

Ati, "Pesa italiwa." Itajaribu kuliwa, hii ni Kenya. Ndio maana sitaki ipite kwa kaunti. Gavana wa zamani wa Murang'a, Mwangi wa Iria, aliwahi kudai robo ya mapato ya maji ya Nairobi. Watu wa jiji walimtukana, lakini alikuwa sahihi nusu. Kweli Murang'a inadai. Lakini pesa ikiingia kwa akaunti ya kaunti, shosho ataionea kwa bango la barabara lenye picha ya mtu. Tuma kwa M-Pesa ya mtu, na orodha ibandikwe kwa ofisi ya chifu, majina yote na kiasi. Kijijini kila mtu anajua nani amechimba na nani hajachimba. Hakuna mkaguzi mkali kuliko jirani mwenye wivu.

Ati, "Maji yatapanda bei, na sisi tumesota." Hii ndiyo ya maana, kwa hivyo tufanye hesabu pamoja. Jiji linapata kama lita milioni 525 kwa siku. Maji mengi hupotea kwa mabomba na kwa wizi, kwa hivyo tuseme nusu tu ndiyo inalipiwa, lita milioni 260. Weka shilingi moja juu ya kila lita elfu moja. Shilingi moja kwa mitungi hamsini. Hiyo ni shilingi 260,000 kwa siku, karibu milioni 95 kwa mwaka. Ukimlipa kila mkulima elfu kumi, umefikia mashamba 9,500. Weka shilingi mbili, umefikia 19,000. Mimi leo asubuhi nimenunua mtungi mmoja kwa mkokoteni kwa shilingi 40 kwa sababu mfereji ulikatika kabla nifikiwe. Mwenye mkokoteni amepata arobaini kwa lita ishirini. Aliyeyalinda hayo maji tangu mlimani angepata senti mbili, na bado tunasema ni ghali?

Na ya mwisho, ile ya anko zangu: "Watu wa Murang'a walikuwa wanachimba matuta tangu zamani bila kulipwa." Wacha nikurudishe historia. Wakati wa mkoloni, Murang'a ikiitwa Fort Hall, machifu waliwalazimisha watu kuchimba matuta bure, na waliochimba zaidi walikuwa wanawake. Mwaka 1948 hao wanawake walichoka. Waliandamana kwa maelfu hadi makao makuu ya wilaya, wakicheza na kuimba, wakasema hawachimbi tena, wana kazi ya kutosha nyumbani. Wengine walishikwa. Hao ni mama za shosho zetu. Kwa hivyo usiniambie hii kazi haijawahi kuitishiwa malipo. Tangu mwanzo waliitisha heshima, wakapewa askari. Tumebadilisha bendera, lakini bado tunataka matuta ya bure kutoka kwa migongo ile ile.

Sasa nataka nini? Vitu vitatu, na vyote vinawezekana.

Kwanza, shilingi moja kwa lita elfu iwekwe kwa bili ya maji ya Nairobi, iandikwe kwa jina lake ili kila mtu aione, na isiguswe kwa kazi nyingine. Mitaa ya wenye bwawa la kuogelea ilipe zaidi, mtu wa kiosk asiongezwe.

Pili, mkataba wa kila mwaka na mwenye kulima. Ushahidi uwe wa kazi: matuta yapo, nyasi ipo, ukingo wa mto una miti. Utambulisho uwe kitambulisho, simu, na majirani wawili pamoja na mzee wa kijiji kuthibitisha kwamba huyu ndiye analima hapa. Mbolea ya serikali ilimpata shosho bila kumuuliza hati. Hii pia itampata.

Tatu, malipo yaje Januari. Si Juni wakati wa kufunga vitabu vya serikali. Januari, wakati broka anazunguka na msumeno akijua karo imefika.

Na wewe? Kampuni ya maji ikitaka kubadilisha bei, sheria inataka umma uulizwe. Hiyo mikutano hufanywa na huwa na viti vitupu, wazee watatu na mtu wa kampuni. Sisi hujaza barabara, na tumeonyesha tunaweza. Tujaze na hizo viti pia. Simama useme: ongezeni hiyo shilingi moja, lakini mtuonyeshe imefika kwa simu ya nani.

Na leo jioni piga simu ushago. Usiulize kama wamekula. Uliza hati ya shamba iko kwa jina la nani. Ukisikia kimya, jua kuna shosho pale analima kitu ambacho karatasi inasema si chake. Mimi nimeanza kusukuma mirathi ya guka. Anko amekasirika, amenitoa kwa grupu ya familia. Sawa tu.

Wiki jana shosho aliniambia amepanda tena miringa kando ya mto. Mitano. Nikamuuliza mbona, na anajua hakuna mtu atamlipa. Akasema, "Ile ya kwanza ilikupeleka shule ukarudi. Hii wacha isimame ione mtu mwingine akienda."

Itachukua miaka ishirini kukua. Yeye hatakuwepo. Maji tutakunywa sisi. Jamaa wa foleni, kama unasoma hii, maji hayo si yetu. Tumekopeshwa, na aliyetukopesha ameinama kwa mteremko Gatanga akingoja tulipe.